Sauti Mbili Kwenye Mlango Mmoja



Barua ya juma hili imetufikia kutoka Kware, upande wa Ongata Rongai, katika kaunti ya Kajiado. Kwa wasioijua, Kware hiyo haikupewa jina la yule ndege wa vichakani. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe lililolainishwa na ndimi za wachimbaji. Mwandishi wa barua ni mama wa Kimombasa aliyehamia bara kumfuata mumewe kazini. Kila alasiri huwakusanya watoto wa majirani sebuleni mwake akawasomesha Qur'ani, na chombo chake kikuu ni kompyuta kongwe yenye mfumo wa Windows 98, pamoja na diski ya Qur'ani ya miaka ya 1990. Msomaji wa diski husoma aya, hunyamaza, mtoto akarudia, naye huendelea. Diski hiyo haikubali kufanya kazi katika kompyuta za siku hizi, ndiyo sababu mama huyu amekataa katakata kuitupa ile kongwe.

Katika mashine hiyo hiyo ameweka programu ya adhana. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Siku nyingine adhana hulia vizuri. Siku nyingine wakati hufika na kupita, na spika zisitoe hata mkwaruzo. Ramadhani iliyopita ilinyamaza alfajiri mbili mfululizo, na nyumba nzima, iliyokuwa ikiitegemea, ikaendelea kula daku. (Hukumu ya siku mbili hizo amuulize sheikh wake, sisi hapa twazungumza ya mashine tu.) Fundi aliyeitwa alisema kadi ya sauti imekufa na kwamba ni afadhali anunue kompyuta nyingine, ambayo yeye fundi anayo ya kuuza. Mjomba wa watoto alikuwa na maelezo yake: mwana wa miaka tisa ndiye aliyeiharibu kwa kuichezea usiku. Tangu siku hiyo mtoto amekatazwa kuigusa, na mama yake anaandika kuwa hata hamu ya kuhifadhi imempungua.

Tumeisoma barua hii mara mbili. Kwa dalili zilizoelezwa, mashine haikufa, wala mtoto hakuiharibu.

Kinachotokea ni hiki. Sauti iliyomo ndani ya kompyuta si sauti bado, ni hesabu. Katika diski ya kawaida ya muziki au ya mawaidha, kila sekunde moja imekatwa vipande 44,100, na kila kipande ni namba iliyo kati ya 32,768 chini ya sifuri na 32,767 juu yake, mara mbili, kwa spika ya kulia na ya kushoto. Kadi ya sauti huzipokea namba hizo kwa mfuatano na kuzigeuza kuwa umeme, na umeme huo ndio unaoitikisa spika. Mfereji wa kupitishia namba hizo, katika kadi nyingi za bei nafuu za enzi zile, ulikuwa mmoja. Programu mbili zikitaka kusema kwa pamoja, hapana budi awepo mtu katikati anayezichukua namba za huyu na namba za yule, azijumlishe moja moja, mara 44,100 kwa sekunde, kisha apeleke jumla yake kwenye mfereji. Asipokuwepo mjumlishaji, programu ya kwanza kufika huushika mlango, na ya pili huambiwa kuwa chombo kina shughuli.

Kazi ya kujumlisha yaweza kufanywa na mmoja wa watatu: kadi yenyewe, au ile programu ndogo iunganishayo kadi na kompyuta, iitwayo kiendeshi, au draiva kwa ulimi wa mafundi, au mfumo endeshi. Zama za Windows 95 mfumo haukuwa na mjumlishaji wa jumla. Microsoft ilitoa mwaka 1995 njia ya pembeni iitwayo DirectSound, iliyoweza kuchanganya sauti, ila ilizichanganya za programu zilizopita njia hiyo tu. Programu iliyotumia njia ya zamani ilibaki nje ya mlango. Windows 98, iliyotoka Juni 1998, ndiyo iliyokuja na mjumlishaji wa mfumo mzima. Lakini huyo alifanya kazi pale tu ambapo kiendeshi kiliandikwa kwa mtindo mpya, na watengenezaji wengi wa kadi waliendelea kutoa viendeshi vya mtindo wa zamani. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye Windows 98 ile ile, zikiwekwa meza moja, moja huchanganya sauti na ya pili hukataa. Fundi asiyelijua hili ataona kadi mbovu.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba programu iliyositishwa kwa muda bado yaweza kuwa imeushika mlango. Mtoto anabonyeza alama ya kusitisha, msomaji ananyamaza, nyumba imetulia, na kila mtu anadhani spika ziko huru. Haziko huru. Dirisha la diski ya Qur'ani lingali wazi, mfereji ungali mikononi mwake, na ifikapo alfajiri programu ya adhana inabisha hodi kwa adabu, inakataliwa, na inanyamaza bila kumwambia mtu. Mama atazame tu: zile siku adhana ilipolia, bila shaka kompyuta ilikuwa imewashwa upya au dirisha la somo lilikuwa limefungwa. Tena inaelekea kuwa usiku wa kuamkia alfajiri zile mbili mtoto alikuwa akirudia somo lake peke yake, akalala akaliacha wazi. Ikiwa hilo ni kosa, basi ni kosa ambalo sisi tungependa watoto wetu wote wawe nalo.

Kabla ya kumpa fundi hata shilingi, ufanywe uchunguzi ambao hauna gharama. Izimwe kompyuta na kuwashwa upya. Ifunguliwe diski ya Qur'ani peke yake. Ikisikika, kadi ni nzima na spika ni nzima, na maneno ya fundi yameanguka hapo hapo. Kisha ifungwe kabisa, dirisha liondoke, ifunguliwe programu ya adhana na kubonyezwa kitufe cha kuijaribu. Ikisikika, nayo haina dosari. Sasa zifunguliwe zote mbili, ya Qur'ani ikitangulia, na adhana ijaribiwe. Halafu kinyume chake, adhana ikilia kwanza na somo lifuate. Ikiwa kila mara anayetangulia ndiye anayesema na anayefuata ndiye anayenyamaza, jawabu limepatikana: mlango ni mmoja na hakuna mjumlishaji. Ikiwa ni moja tu inayonyamaza kila wakati, hata ikitangulia, hiyo ina ugonjwa wake mwenyewe na barua hii haihusiki nayo.

Dawa ya kwanza haihitaji ujuzi wowote. Baada ya somo, dirisha lifungwe, lisisitishwe tu. Wafundishwe watoto, na mwana wa miaka tisa apewe kazi hiyo rasmi. Pamoja na hilo, zizimwe zile sauti ndogo ndogo za mfumo, za kufungua na kufunga madirisha, kwani katika mashine ya namna hii hata mlio wa nukta moja huushika mlango kwa nukta hiyo, na adhana ikibisha wakati huo hukosa nafasi.

Dawa ya pili ni kukitazama kiendeshi. Katika ukurasa wa mipangilio uitwao Control Panel, penye orodha ya vifaa vya mfumo, ichaguliwe kadi ya sauti na yafunguliwe maelezo ya mafaili ya kiendeshi chake. Majina ya mafaili yakiishia kwa herufi vxd, hicho ni cha mtindo wa zamani. Yakiishia kwa sys, ni cha mtindo mpya, na mjumlishaji wa Windows anapaswa kufanya kazi. Kama ni cha zamani, atafutwe mtu mwenye intaneti amtazamie iwapo mtengenezaji wa kadi aliwahi kutoa kiendeshi kipya kwa ajili ya Windows 98, kiletwe kwa diski, na cha zamani kihifadhiwe kando kabla ya kukiondoa. Twasema kiletwe kwa diski kwa makusudi: kompyuta hii isiunganishwe na intaneti. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 98 kinga za usalama tangu tarehe 11 Julai 2006.

Wenye programu za kuchezea sauti kama Winamp wana njia nyingine. Ndani ya mipangilio yake mna mahali pa kuchagua sauti ipite wapi. Ikichaguliwa DirectSound badala ya njia ya kawaida, huweza kusikika pamoja na programu nyingine zipitazo njia hiyo. Kwa bahati mbaya diski nyingi za Qur'ani za wakati ule hazina chaguo kama hilo. Hatuwalaumu waliozitengeneza. Kampuni ya Sakhr, yenye asili ya Kuwait, ilikuwa imekwisha kuiweka Qur'ani ndani ya kompyuta za nyumbani tangu miaka ya 1980, wakati ambapo kupata herufi za Kiarabu kwenye kioo kulikuwa kazi kubwa. Nani angefikiria adhana na somo vitagombania spika?

Yote hayo yakishindikana, ndipo utoke mfukoni, na hata hapo ni kidogo. Kuna vidude vya sauti vinavyochomekwa kwenye tundu la USB, vidogo kama kidole gumba, vyenye tundu la spika upande wa pili. Windows 98, hasa toleo lake la pili la mwaka 1999, huvitambua vingi vya aina ya kawaida kwa kiendeshi chake yenyewe, na kiendeshi hicho ni cha mtindo mpya. Kwa hiyo mara nyingi kidude hicho huja na mjumlishaji bila kuombwa. Asipokuja, basi angalau nyumba itakuwa na milango miwili: ile kadi ya ndani iachiwe somo, na hicho kidude kiachiwe adhana, kila kimoja na spika yake. Fundi akiwa na kadi ya zamani ya kuchomeka ndani kama Sound Blaster Live!, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, nayo ni nzuri sana, kwa kuwa hujumlisha yenyewe sauti nyingi bila kuusumbua mfumo. Aijaribu mbele ya mwenye mashine kabla ya kulipwa.

Wasomaji wengine, twajua, wana mashine zisizo kongwe kiasi hicho. Shule nyingi nchini, na baadhi ya vyuo vyetu, hutumia kompyuta zilizokwisha tumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likizikarabati na kuzigawa tangu mwaka 2002. Wenye Windows XP aghalabu hawatakutana na taabu hii. Wenye Windows 7 na zinazofuata wana mjumlishaji mzuri, ila tangu Vista ya mwaka 2007 mfumo unaruhusu programu moja kuomba kukimiliki kifaa cha sauti peke yake. Ikipewa, nyingine zote hunyamaza, na mtu akadhani amerudi mwaka 1998. Katika mipangilio ya sauti, ndani ya sifa za spika, kuna kisanduku kinachotoa ruhusa hiyo. Kiondolewe alama, na ugomvi utakwisha. Wenye Linux ya zamani wana kisa chao. Mfumo wake wa kwanza wa sauti, ulioanzishwa na Mfinlandi Hannu Savolainen mwaka 1992, kwa kadi nyingi uliruhusu programu moja tu. Uliourithi, uitwao ALSA, ulioingizwa rasmi katika kiini cha Linux mwishoni mwa mwaka 2003, una kijumlishaji kiitwacho dmix, ambacho programu za zamani huweza kukipita pembeni zikaenda kukishika kifaa moja kwa moja. Kijana wa nyumbani anayejua kuandika amri atumie ile iitwayo fuser. Itamwonyesha nani ameshika mlango.

Jambo moja huwashtua watu baada ya kupata mjumlishaji: sauti mbili zikijumlishwa, jumla yake yaweza kuzidi ile 32,767 tuliyoitaja, na kinachozidi hukatwa. Matokeo yake ni ukali na mkwaruzo, hasa kwenye usomaji wa sauti ya juu. Spika hazijapasuka. Zipunguzwe sauti za programu zote mbili hadi nusu kutoka ndani ya kompyuta, kisha iongezwe kwenye kinundu cha spika.

Atatokea wa kusema: mambo yote haya ya nini, na simu ziko mikononi? Ni swali la haki. Adhana ikihamishiwa kwenye simu na kompyuta ikaachiwa somo, tatizo la Kware limekwisha leo hii bila kununua kitu, na kama kuna simu inayobaki nyumbani, hilo ndilo tungelifanya. Lakini mama huyu ameeleza kwamba simu ya nyumba ni moja na huondoka na baba kabla ya alfajiri. Tukumbuke pia kuwa simu nayo hunyamazisha. Tangu mwaka 2010 mfumo wa Android umezitaka programu zipeane zamu: simu ikipigwa, darsa uliyokuwa ukiisikiliza hujisitisha, kisha huendelea. Tofauti ni kwamba simu huweza kuzijumlisha sauti ila huchagua adabu, ilhali kompyuta kongwe haichagui, imeshindwa. Programu ya simu isiyoandikwa vizuri husahau kuendelea baada ya zamu yake kuisha, na hapo malalamiko hufanana na ya Windows 98 kabisa.

Limebaki la wakati wenyewe, ambalo mama hakuliuliza, nasi hatuwezi kulinyamazia. Adhana isiyolia inakera. Adhana inayolia kabla ya wakati ni hatari zaidi, maana mtu atafuturu jua lingali juu. Kompyuta ya umri ule huitunza saa yake kwa betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani, aghalabu ya aina ya CR2032. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa na tarehe hurudi nyuma, na programu ya adhana huhesabu kwa tarehe ya uongo. Ibadilishwe, ni kazi ya dakika tano na betri hupatikana kwa mafundi wa saa.

Kisha aifungue orodha ya miji. Mashine hii ilitoka naye Mombasa, na hatutashangaa ikiwa bado imewekwa Mombasa. Jua hukata digrii moja ya longitudo kwa dakika 4. Mombasa iko karibu digrii 39.7 mashariki, Kware karibu 36.75, kwa hiyo Maghrib ya Mombasa huitangulia ya Kware kwa dakika 12 hivi, na kwa kuwa Mombasa iko kusini zaidi, tofauti hiyo hupungua kidogo mwezi wa Disemba na kuongezeka mwezi wa Juni. Kwa alfajiri atajizuia kula mapema, jambo lisilo na ubaya, lakini akisimama kuswali papo hapo atakuwa ameutangulia wakati. Waliohamia Kisumu na mipangilio ya Mombasa wamo katika tofauti ya karibu dakika 20. Wa Lamu, kinyume chake, jua lao huzama kama dakika 5 kabla ya la Mombasa. Orodha za programu za zamani hazina Kware wala Ongata Rongai. Achague Nairobi, tofauti yake na nyumbani kwake haifiki nusu dakika.